Mrejesho: skripti ya kuhamisha risiti sasa inafanya kazi

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini skripti yangu ya bash (faili lenye amri za kompyuta) inahamisha faili nyingine vizuri, ila ikifika kwenye Risiti Machi.pdf inadai haioni "Risiti" wala "Machi.pdf".

Mlioniambia nikague alama za kunukuu mlilenga penyewe. Niliandika mv $f $lengo (mv ni amri ya kuhamisha, $f ni jina la faili, $lengo ni folda linakokwenda). Sheli, yaani bash inayosoma amri, ikishaweka jina mahali pa $f, inalikata kwenye nafasi, kwa hiyo mv inapokea majina mawili. Nilipoendesha kwa bash -x, inayoonyesha kila amri inapotekelezwa, nikaliona wazi:

+ mv Risiti Machi.pdf kumbukumbu/

Nikabadilisha kuwa mv -- "$f" "$lengo" (-- inazuia jina linaloanza na kistari lisidhaniwe kuwa chaguo la amri), na safari hii ikaonyesha:

+ mv -- 'Risiti Machi.pdf' kumbukumbu/

Jina zima, kitu kimoja. Nilifurahi kweli!

ShellCheck, programu ya kukagua skripti, nayo iliutaja mstari huo huo kwa SC2086 (onyo la kukosa alama za kunukuu), ikanionyesha na kosa ambalo sikuwa nimeliuliza: echo 'Imehamishwa: $f'. Ndani ya alama moja moja (' ') $f haibadilishwi, inachapwa hivyo hivyo. Nimeweka za jozi (" ").

Risiti zote zimehama. Asanteni sana, hasa aliyesisitiza nianze na bash -x.