Wakuu, brosha ya A4 ya kukunja kurasa tatu: pambizo naweka ngapi?

steshenari_ya_mufindi:
Habari za jioni wakuu. Niko Mafinga, nina steshenari ndogo. Kikundi cha wauza miche ya parachichi kimenipa kazi ya brosha, A4 ya kulala, inakunjwa inatoa kurasa tatu kila upande. Wanaipeleka Nane Nane Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: pambizo milimita ngapi, na nafasi kati ya safu ngapi? Naomba majibu ya haraka, chakula hakipiti hapa.

mkunjo_wa_kwanza:
Usigawe 297 kwa 3, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukurasa unaoingia ndani lazima uwe mwembamba kidogo, vinginevyo unagonga mkunjo. Upande wa nje, kuanzia kushoto: 97, 100, 100, jalada likiwa kulia. Upande wa ndani unageuza: 100, 100, 97. Pambizo weka 7, na nafasi kati ya safu iwe mara mbili yake, 14, ili mkunjo uangukie katikati. Rangi inayojaza nyuma ya maandishi ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3. Na uchape kwa asilimia 100, programu isikupunguzie ukurasa.

mama_wa_tukuyu:
Mwanangu, angalia sana kugeuza. Mimi niliwahi kuchapa ratiba ya mazishi, mvua ya Tukuyu mnaijua, karatasi zimevuta unyevu zinajikunja zenyewe, mashine inakwama kila saa. Namaliza usiku, nafungua moja, upande wa pili wote kichwa chini miguu juu. A4 ya kulala unageuzia upande mfupi, mimi nilichagua mrefu. Wafiwa walipokea, hawakusema neno. Aliyesema ni katekista. Mpaka leo akiniona ananigeuzia daftari lake la nyimbo.

siti_ya_dirishani:
Nimekaa. Dereva ondoa gari.

steshenari_ya_mufindi:
Asanteni. Lakini mkuu @mkunjo_wa_kwanza, nikiacha 99, 99, 99 kuna shida gani hasa? Mbona ni milimita mbili tu.

mkunjo_wa_kwanza:
Shida ni kwamba ukurasa wa ndani utabinuka, na brosha haitalala. Hizo milimita mbili ndizo kazi yenyewe. Halafu mtu ambaye bado hajachapa hang'ang'anii 99. Anabadilisha tu, basi. Kuna kitu hujatuambia.

mzee_wa_uyole:
Na mimi nimenusa hivyohivyo. Sema ukweli tukusaidie.

steshenari_ya_mufindi:
Sawa. Upande wa nje tayari nimeshachapa. Karatasi elfu moja, za kung'aa, gramu 150. Nimebakiza upande wa ndani. Kabla sijachapa nilimtumia mwenyekiti wa kikundi kwenye simu, akajibu "safi sana", kwa hiyo sioni kosa liko wapi. Mwenyekiti mwenyewe ni mjomba wangu. Karatasi nimenunua kwa advansi yao.

mzee_wa_uyole:
Kijana, kazi ya mjomba ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Mteja wa kawaida akikasirika anadai hela yake, yameisha. Mjomba anapeleka kesi kwa bibi. Enzi zetu huchapi hata nakala kumi kabla mteja hajashika sampuli iliyokunjwa, akaifungua na kuifunga mbele yako. Kwenye simu mtu anaona rangi tu.

herufi_z:
Kunja kwa mtindo wa Z, yaani mikunjo iende pande tofauti. Hapo kurasa sawa hazina tatizo kwa sababu hakuna ukurasa unaomezwa. Ila ukurasa wa katikati wa upande wa nje utaingia ndani, na mgongo, yaani ukurasa wa nyuma, utakuwa ukurasa wa kulia wa huo upande ambao hujauchapa. Hamishia mawasiliano huko.

steshenari_ya_mufindi:
Namba za simu ziko hapo katikati, na mjomba anataka zionekane nyuma. Sitaki kugusa mpangilio.

chai_haina_sukari:
Jamani mnampa nguvu bure. Hii ni chai. Mtu ana steshenari, kachapa elfu moja, halafu hajui pambizo? Subirini kidogo atatokea mwingine kusema "njoo inboksi nina mashine ya kukunja". Tangazo limevalishwa kanga. Weka picha, na rula juu yake.

siti_ya_dirishani:
Hapo sasa. Picha au uzi ufungwe.

mama_wa_tukuyu:
Tangazo gani bila namba ya simu, nyie? Mwacheni mtoto wa watu.

steshenari_ya_mufindi:
Kuniita mwongo si vizuri. Picha hiyo hapo, rula nimeilaza juu ya ukurasa wa katikati.

mkunjo_wa_kwanza:
Mkuu, umesoma hiyo rula? Ukurasa wa katikati una 96, wala siyo 99. Na kuna ukingo mweupe kuzunguka karatasi nzima. Programu imekupunguzia kazi hadi asilimia 97.

Sasa sahau nilichosema kuhusu asilimia 100, maana ukichapa ndani kwa 100 mikunjo ya pande mbili haitakutana. Ndani panga 99, 99, 99, pambizo 7, kati ya safu 14, halafu chapa kwa upunguzaji uleule. Karatasi zilizopita kwenye joto la mashine zinajikunja, kwa hiyo zilaze kwanza zipoe chini ya kitu kizito. Jaribu chache, zishike kwenye taa uone kama mikunjo inalingana.

Kisha kata. Ukingo mweupe wa kushoto na kulia ni milimita 4.5 kila upande, juu na chini ni 3 na kidogo. Kata wote. Upande wa kushoto wa nje, wenye ukurasa unaoingia ndani, ongeza 1.5. Utabaki na 94.5, 96, 96. Itafunga.

steshenari_ya_mufindi:
Maandishi ya ukurasa huo yako milimita 5 kutoka ukingoni. Sitayakata?

mkunjo_wa_kwanza:
Kwa sasa, baada ya kupunguzwa, ziko 4.85. Ukitoa 1.5 zinabaki 3 na ushee. Yamebana ila yanapona, mradi mashine ya kukatia isiyumbe.

chai_haina_sukari:
Narudisha maneno yangu nusu. Hiyo nusu nyingine mpaka nione iliyokunjwa.

steshenari_ya_mufindi:
Nimekata kumi, nimekunja. Inalala. Ila imekuwa ndogo kuliko A4 ya kawaida, mjomba akiuliza?

mzee_wa_uyole:
Mwambie inaingia mfukoni mwa shati.

herufi_z:
Hiyo miche ni ya aina ya Hass ya kubebesha au ya mbegu tu? Na bei mbona haionekani kwenye jalada?