Tupeane uzoefu: Kudaiwa deni usilokopa kwa sababu namba yako imo kwenye simu ya mkopaji

Mwana_Korogwe (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za muda huu.

Mikopo ya kwenye simu, hii tunayoiita kausha damu, tumeijadili sana kwa upande wa mkopaji: unaomba 50,000, unaingiziwa 35,000, na baada ya wiki unatakiwa urudishe yote. Leo naomba tumwangalie yule ambaye hajakopa hata senti.

Mama yangu mdogo anauza vitenge sokoni. Juzi kaamka na meseji kutoka namba ngeni: mteja wake fulani ni tapeli, na yeye mama ameandikwa kuwa mdhamini, kwa hiyo walipe kabla ya saa kumi jioni. Simu yake ni ya kitochi, hajawahi kuweka programu yoyote. Akafunga meza, akapanda bodaboda hadi kwa huyo mteja kumuuliza amemwandikisha lini. Wako kikoba kimoja. Sasa hivi hawasalimiani.

Namba ya mama hakuitoa mama. Ilibebwa siku mwenzake alipobonyeza "Ruhusu" kwenye simu yake mwenyewe. Programu ikishapewa ruhusa ya kusoma anwani (majina na namba ulizosevu), inaweza kunakili majina yote na kuyapeleka kwenye seva ya mkopeshaji. Hata ukiifuta, nakala inabaki huko. Google tangu 31 Mei 2023 hairuhusu programu za mikopo binafsi kwenye duka lake kugusa majina wala picha za mtumiaji, lakini faili uliyopakua kwa linki ya WhatsApp haikupita kwenye duka hilo.

Kama yamekukuta, eleza ilikuwaje na ulifanya nini. Majina na namba za watu tusiandike.

Mwl_Kahama
Mimi ndiye niliyekuwa nadaiwa. Mshahara ulichelewa, na siku moja tu baada ya tarehe ya marejesho nikakuta nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp. Ndani yupo mkuu wa shule, wazazi wa wanafunzi wangu, na fundi aliyenijengea choo. Wameweka picha ya kitambulisho changu cha NIDA, juu yake MWIZI kwa maandishi mekundu. Nililipa jioni ile ile. Grupu halikufutwa, na mimi siyo admini. Kila aliyejitoa, jina lake lilionekana limejitoa, hivyo wengine walibaki kwa kunionea haya. Mkuu wangu hajawahi kulitaja jambo hili, ila kuhesabu michango ya mitihani alimpa mwalimu mwingine.

Kinondoni_Mdau
Watu wakope, walipe. Mtu kazima simu, mkopeshaji ampate wapi?

Mwana_Korogwe
Mkuu, kudai ni haki yake. Kuna mdhamini aliyesaini, kuna taasisi za taarifa za mikopo, kuna mahakama. Mama yangu hakusaini popote.

Nilikuwa_Ndani
Nimewahi kufanya kazi ya kupiga simu za madai, kampuni siitaji. Naeleza mnavyoonekana kule.

Ukifungua faili la mdaiwa, kulia kuna orodha ya majina kama alivyoyasevu yeye. Waliosevuliwa Mama, Baba, Bosi, Mchungaji, Shemeji, mfumo umewapandisha juu. Hatukuhitaji kumjua mtu: jina ulilomsevu nalo lilitwambia nani akipigiwa utaumia zaidi. Neno "mdhamini" tuliagizwa tulitumie kwa yeyote anayepokea simu, maana mtu akisikia udhamini anaogopa polisi. Malipo yetu yalitegemea kilichorudi siku hiyo. Kuna bibi alilia kwenye simu akidhani mjukuu wake amekamatwa. Baada ya hapo sikurudi kazini.

Likoni_254
Poleni sana ndugu zetu. Huku Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na malalamiko tunapeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90. Mwaka 2023 alimpiga mkopeshaji mmoja faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho. Mimi nililalamika kama mtu wa tatu, si kama mdeni. Nilipeleka meseji zenyewe na saa za simu walizopiga. Walipopata barua ya kutakiwa wajieleze, simu zilikoma.

Fundi_Simu_Tanga
Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Tena Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya wakopeshaji 69 wa kidijitali wasio na leseni, kwa hiyo anza kwa kuangalia kama anayekutisha yumo.

Wateja wengi wananiletea simu wakisema "fundi, futa hii programu." Kabla ya kufuta naingia Mipangilio, Programu, Ruhusa, nawaonyesha: anwani, meseji, picha, mahali ulipo, zote imeruhusiwa. Nazifunga hapo hapo ili isichukue majina mapya, napiga picha ukurasa wa mkataba wa mkopo, ndipo nafuta. Ukifuta kwanza, jina la kampuni unalipoteza, na malalamiko utamwandikia nani?

Dada_wa_Muscat
Naomba kuuliza. Nipo Oman kikazi. Kaka yangu kakopa Morogoro, mimi natumiwa sauti za matusi WhatsApp, tena wanasema watampigia mwajiri wangu. Nimezuia namba, zinakuja nyingine. Nami naweza kulalamika nikiwa huku?

Fundi_Simu_Tanga
Dada, usifute hizo sauti hata moja. Kaka yako akupe jina la programu na tarehe aliyoiweka, kisha mwandike pamoja, yeye ndiye yuko karibu na Tume. Na mwajiri mwambie wewe mwenyewe leo, kabla hawajampigia.