Naomba ushauri: tumwiteje mwenyekiti wetu mwanamke?

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine nawasalimu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Arua, Uganda, ambako Kiswahili ndicho kinachotuunganisha Walugbara, Wakakwa na wageni wa sokoni. Hivi karibuni tulimchagua mwanamke kutuongoza, na tangu hapo kila anayesimama kuzungumza humwita "Bwana Mwenyekiti" kwa mazoea, kisha hujirekebisha kwa haraka na kusema "Mama Mwenyekiti". Yeye hajaolewa wala hajazaa. Katika kikao kilichopita aliweka kalamu mezani taratibu, akaomba aitwe kwa cheo chake tu, nao wazee wakajibu kwamba kumtaja kiongozi bila "Bwana" wala "Mama" ni kumvunjia heshima.

Kinachoniuma ni kwamba lugha yenyewe haina kosa, kwani "yeye" hambagui mwanamume wala mwanamke, na "mwenyekiti" ni cheo cha yeyote. Tofauti na Kiganda, ambacho hukulazimisha uchague kati ya "ssebo" (bwana) na "nnyabo" (bibi) unapomwita mtu kwa heshima. Ubaguzi tunauongeza sisi wenyewe.

Nimefikiria "Ndugu Mwenyekiti", kwa kuwa Tanzania "ndugu" hutumika kwa wote, lakini baadhi ya wanachama wetu wanalisikia kama neno la wanaume. Je, nilitumie kwenye kumbukumbu za kikao hadi walizoee, au kuna neno lenye heshima zaidi? Na wazee niwaeleze vipi bila kuwaaibisha mbele ya vijana?