Mhubiri kasema waliokufa Hanang waliadhibiwa, nimjibu nini wifi yangu?

MamaNeema_Babati

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nao nawasalimu. Naombeni mawazo yenu kwa utulivu tafadhali maana mada za dini zikianza huwa tunajua zinaishia wapi.

Wifi yangu kaolewa Gendabi, kule chini ya Mlima Hanang. Ile Jumapili alfajiri, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka yeye alitoka mzima ila mama mkwe wake na mtoto wa mwisho wa wifi mwenyewe hawakutoka. Wamo kwenye wale 89 ambao serikali iliwahesabu. Sasa huyo mama mkwe nilikuwa namjua vizuri, mtu wa maombi haswa, kwenye jumuiya yeye ndo wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, mtu akiugua kijijini anaitwa yeye kabla ya gari.

Juzi kati kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani, mimi ndo nilimbembeleza wifi twende. Akapanda mhubiri mgeni, akahubiri vizuri tu mwanzoni, halafu akageukia Hanang, akasema Mungu aliupiga ule mji kwa sababu ya matambiko ya mlimani na pombe, na kwamba ameonya atapiga tena. Watu wakaitikia amina kwa sauti. Wifi hakulia wala hakusema kitu, alichukua mkoba wake akaondoka.

Tangu siku hiyo kanisani haendi. Ananiuliza, mama alikuwa na dhambi gani? Na yule mtoto je? Nikimwambia ni mapenzi ya Mungu naona kama namtonesha kidonda. Nikamwambia basi wifi zile zilikuwa mvua tu, akanijibu kama ni mvua tu mbona kila mwaka ikichelewa tunaenda kanisani kumuomba Mungu ailete? Hapo nikanyamaza, kiukweli sina jibu. Nyie mngesemaje?

mlinzi_wa_zamu

Pole sana mama. Ila naomba nisimame upande ambao najua hautapendwa. Biblia imejaa matukio Mungu akitumia maumbile kuhukumu, kuna gharika ya Nuhu, kuna Sodoma, kuna Kora ardhi ilifunua kinywa ikammeza na nyumba yake, soma Hesabu 16. Na Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 24 kasema kutakuwa na matetemeko ya nchi mahali mahali, huo ndio mwanzo wa utungu. Sasa kizazi hiki hakitaki kusikia habari ya hukumu, kila kitu tunasema mabadiliko ya tabianchi, El Niño, basi imeisha. Mhubiri huenda hakutumia hekima kusema mbele ya wafiwa, hilo nakubali, lakini ujumbe wenyewe siwezi kuukataa.

KatekistaMstaafu

Mama Neema pole, na umpe pole wifi yako. Mimi nimefundisha katekisimu muda mrefu, naomba nianze na ndugu mlinzi.

Ndugu yangu, hiyo mifano yako yote iangalie vizuri. Nuhu aliambiwa kabla, akapewa na vipimo vya safina. Sodoma, Abrahamu alipata nafasi ya kubembeleza kwa Mungu kuanzia hamsini mpaka wakashuka kumi, na Mungu akakubali kwamba wakipatikana wenye haki kumi mji hauguswi. Kora naye alitajwa kwa jina na watu wakaambiwa sogeeni mbali na hema zake. Yona alitumwa Ninawi kabla, wakatubu, ikaisha. Kote huko neno linatangulia. Huyu mhubiri wenu kaja wakati makaburi yameshaota nyasi, ndo analeta sababu. Na Gendabi hapakuwa na wenye haki kumi? Huyo mama wa maombi, na watoto waliokuwa wamelala, hawafiki kumi?

Halafu kuna Luka 13, hii kila mkristo angepaswa kuijua kwa kichwa. Watu kumi na wanane waliangukiwa na mnara kule Siloamu wakafa. Yesu anauliza, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Anajijibu mwenyewe: sivyo. Hakuacha nafasi ya kujadili.

Niongeze kitu ambacho kilinisumbua mimi binafsi. Jumapili ile ilikuwa ya kwanza ya Majilio, kile kipindi cha kuelekea Krismasi, na kwa sisi wakatoliki injili ya siku hiyo dunia nzima ilikuwa Marko 13, kesheni kwa maana hamjui mwenye nyumba ajapo lini, jioni au usiku wa manane au jogoo akiwika au asubuhi. Asubuhi! Habari zilipoanza kuingia kwenye simu kuna mtu wa kwaya akanifuata akaniambia katekista umeona, injili imesema. Nikamwambia hapana bwana, somo hilo lilishapangwa kwenye kalenda na linarudi kila baada ya miaka mitatu, lingesomwa hata kama mlima ungekaa kimya. Tukianza kufungua masomo ya misa ili tujue kwanini jirani kafa tutakuwa tumehama kutoka kwenye imani kwenda kwenye ramli, na hiyo ramli ndo huyo mhubiri anayoilaani kwa wenzake wa matambiko.

mpima_miamba

Mimi ni mlokole na kazi yangu ni jiolojia, kwahiyo mada kama hizi huwa zinanivuta.

Kwanza tuweke sawa, siku zile watu walivumisha kwamba volkano imelipuka. Haikulipuka. Hanang ni volkano ya zamani sana iliyolala, una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na wataalamu wa serikali walieleza kwamba kuna sehemu ya mlima ina miamba dhaifu, ikanyonya maji ya zile mvua kubwa mpaka ikalemewa ikameguka. Ikashuka na njia ya mto Jorodom ikiwa imebeba mawe na miti, na kila inapopita inaongezeka uzito. Ndo maana nyumba zilizokuwa karibu na njia ya maji zilifagiliwa na ya jirani mita chache pembeni ikabaki na bati lake. Sasa hapo uniambie dhambi ilipita inachagua nyumba kwa kufuata bonde? Mwenye baa akiwa mlimani kidogo anapona, mama wa maombi akiwa bondeni anaondoka, hilo ni suala la mteremko.

Pili, na hapa naongea kama muumini. Kwanini watu wanakaa pale? Kwa sababu udongo ni mzuri na maji yanashuka toka mlimani. Udongo wa volkano ndo unaolisha watu, hata ngano ya Basotu mnayoisikia inatoka wilaya hiyohiyo. Ule mlima umekuwa ukimomonyoka kidogo kidogo tangu hatujazaliwa na ndo umetengeneza hayo mashamba. Kilichowalisha ndicho kilichowaua, na Mungu aliyeuumba mlima hakuwahi kutuambia kwamba hautamomonyoka. Tulivyouzoea tukadhani umemaliza.

Kuhusu swali la wifi la kuomba mvua, mimi naomba mvua na najua mawingu yanatoka wapi, sioni ugomvi hapo. Ila siwezi kujifanya nimelielewa mpaka mwisho.

Mama_Ajuza_wa_Kolandoto

Mpima miamba umeeleza vizuri mwanangu lakini hiyo ya udongo mzuri usimpelekee mfiwa. Atakuambia chukua udongo wako nirudishie mtoto.

Muhaya_wa_Kashai

Haya mambo sisi tulishayapitia Bukoba. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, ilikuwa Jumamosi saa tisa na nusu alasiri hivi, kipimo 5.9, watu 17 walifariki huku kwetu na nyumba za matofali zikalala chini hovyo. Wiki hiyo hatukulala ndani, tulilala nje na magodoro kwa kuogopa likirudi. Sasa mtaani kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wasabato wako kwenye siku yao wakaambiwa mbona limetokea Sabato, wengine wakasema ni kwa sababu ya wale wanaofanya biashara siku ya Bwana, waislamu nao walikuwa na lao, mzee mmoja akasema ni mizimu imekasirika kwa kuuzwa migomba ya ukoo. Yaani likitokea jambo kila mtu analipeleka kwa jirani ambaye tayari alikuwa hampendi. Hapo ndo nilijifunza kuwa ukisikia mtu anataja dhambi iliyoleta janga, hata siku moja hataji ya kwake.

Ila jambo moja nilipenda. Usiku wa pili pale nje wakatoliki, walutheri na waislamu tulikuwa kwenye uwanja mmoja, mama mmoja akaanza Zaburi ya 46, Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu, alipofika pale pa ijapobadilika nchi ardhi ikatingishika tena kidogo, watu wakapiga kelele halafu wakacheka. Yule mama akaendelea kusoma.

Njoro_254

Niko Nakuru. Mimi nitaongea kitu kingine kidogo. Nyinyi mnasema Mungu anasingiziwa kuhukumu, huku kwetu anasingiziwa ili watu fulani wasihukumiwe. Tarehe 29 Aprili 2024 kule Mai Mahiu, usiku, maji yalibeba watu wa Kamuchiri wakiwa wamelala, zaidi ya 50. Mara ya kwanza tukaambiwa ni bwawa limepasuka, baadaye ikasemwa hapana, ni njia ya maji chini ya reli ya zamani ilikuwa imeziba na takataka na miti, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likashindwa. Sasa kwa matanga nasikia viongozi wanashika maiki wanasema tuyaachie Mungu, ni mpango wa Mungu. Mpango gani? Kufungua hiyo njia ya maji ilikuwa kazi ya nani, malaika?

Mimi naamini Mungu, usinielewe vibaya. Lakini mtu akiniambia ni mapenzi ya Mungu mimi huuliza kwanza mtaro ulisafishwa lini. Hata hapo Hanang, kuna watu waliachwa wajenge kwa njia ya mto miaka yote hiyo.

MamaNeema_Babati

Asanteni jamani, nimesoma zote. Katekista hiyo ya Nuhu kuambiwa kabla imeniingia sana, nitamsomea. Njoro ni kweli, na sasa wengi wamejengewa nyumba kule Waret, mbali na mlima, tunashukuru, ingawa wifi anasema mvua ikianza kugonga bati usiku hata Waret halali.

Ila bado lile swali la kuomba mvua. Na kingine, anasema akipiga magoti kuomba anajikuta ana hasira na Mungu na anaona ni dhambi, ndo maana ameacha kabisa. Mwisho wa mwaka familia wanataka kufanya ibada ya kumbukumbu na hajui kama ataweza kukaa.

Mama_Ajuza_wa_Kolandoto

Mwanangu mimi nimezika mume na wanangu kwa nyakati tofauti, kwahiyo nitakuambia ninachojua na nisichojua nitaacha.

Asiache kuomba kwa sababu ya hasira, aombe hiyo hiyo hasira. Mpe Zaburi ya 88. Ni zaburi pekee ninayoijua inayoanza kwa kulia na kumalizikia gizani, hakuna aleluya mwishoni, na bado imo kwenye Biblia na inasomwa kanisani. Mimi nilikaa nayo karibu mwaka mzima, nikifika mwisho nafunga kitabu naenda kupika. Na Ayubu alimsema Mungu maneno makali mno, lakini soma sura ya 42, waliokemewa ni wale marafiki watatu waliokuwa wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri, wakaambiwa hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Tena hao marafiki mwanzo walifanya vyema, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walipofungua mdomo ndo wakaharibu.

La mvua. Mimi nimelima mtama na pamba maisha yangu yote, nimeomba mvua na ikaja, nimeomba na haikuja, na kuna mwaka ilikuja ikabeba shamba lote. Yesu alisema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, zamani nilidhani hilo neno linahusu baraka tu. Naomba kwa sababu sina pengine pa kupeleka njaa yangu. Sijawahi kuomba nikidhani nikikosea maneno nitaletewa tope.

Ibada ya kumbukumbu aende, akae mlangoni karibu na nje, akizidiwa atoke na wewe utoke naye. Na mwombe mchungaji wenu mapema, nenda na mzee wa kanisa ili lisichukuliwe ni umbea, kwamba siku hiyo yasihubiriwe ya hukumu. Wasome majina ya marehemu, waimbe, wale chakula, basi. Huyo mtoto jina lake litajwe kwa sauti, watu huwa wanaogopa kutaja watoto.

MamaNeema_Babati

Hapa nimelia. Zaburi 88 nimemtumia wasapu sasa hivi, ameisoma ila hajajibu. Kesho nitaenda kwa mzee wa kanisa.

mlinzi_wa_zamu

Mama Neema nirudi kukupa pole upya, nilianza na mistari kabla ya pole yenyewe haijatulia. La watoto sina la kujibu. Lakini katekista, Luka 13 hujaimaliza, baada ya sivyo kuna msipotubu ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Hiyo unaiweka wapi?

KatekistaMstaafu

Naiweka hapohapo ilipo. Aliwaambia wazima waliokuja kumletea habari za waliokufa, hakuwaambia wafiwa wa Siloamu. Kwahiyo inatuhusu mimi na wewe na huyo mhubiri, wifi hayumo.

mlinzi_wa_zamu

Sijakubali yote ila hoja ipo. Niko zamu sasa hivi, nikitoka asubuhi nitarudi na Amosi 3:6, ile inayouliza kama mji hupatwa na baya ambalo Bwana hakulileta, tusifunge mjadala.