Karavani, watoto wawili na siku 14: Adelaide hadi Uluru mwezi Julai, tupange vipi?

MamaNasra

Habari za humu wakuu. Tuko Adelaide, Australia, na likizo ya shule ya Julai tunataka kwenda Uluru, ule mwamba mkubwa wa jangwani, na karavani. Watoto wawili, wa miaka 2 na miaka 5. Siku 14 kwenda na kurudi. Gari ni Prado ya dizeli. Karavani ni futi 18, ina vitanda vya ghorofa vya watoto upande wa nyuma, na kibandiko chake kinasema Tare (uzito ikiwa tupu) kilo 1,900, ATM (uzito wa juu unaoruhusiwa ikiwa imepakiwa) kilo 2,400. Muuzaji anasema gari linaruhusiwa kukokota kilo 3,000 kwa hiyo tusihangaike na uzito. Ni kweli? Kwa siku twende kilomita ngapi? Na usiku wa jangwani Julai, mtoto wa miaka 2 ataustahimili? Baba yao anataka tuunganishe na Alice Springs.

FundiTrela

Dada, hiyo 3,000 ni kweli lakini haikusaidii kitu. Kinachobana kwanza ni tofauti kati ya Tare na ATM. Yako ni kilo 500, na zinaisha haraka: matangi mawili ya lita 90 yakijaa ni kilo 180. Gesi ya mitungi miwili ya kilo 9 ni 18. Betri ya pili, sola, turubai la ubavuni, chochote kilichofungwa baada ya kibandiko kugongwa, weka 60. Umebaki na kama 240 za vyakula, nguo, matandiko, sufuria, viti vya nje na baiskeli za watoto.

Cha pili ni uzito unaoegemea kwenye kichwa cha kukokotea. Kawaida lenga asilimia 10 ya uzito wa karavani, kwenu kama kilo 240. Uzito huo unabebwa na gari, kwa hiyo unahesabiwa kwenye GVM ya gari, yaani uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari likiwa limepakiwa. Tuseme gari lina nafasi ya kilo 650 juu ya uzito wake mtupu (soma kibandiko chako, matoleo yanatofautiana). Toa 240 za karavani, 150 za watu wazima wawili, 60 za watoto na viti vyao, 60 za bampa la chuma kama lipo. Zinabaki 140. Friji ya buti iliyojaa na sanduku la spana vitakula nusu ya hizo.

Pakia kila kitu kama siku ya safari, matangi yakiwa yamejaa, nenda kwenye mizani ya umma. Waliozoea mizani ya Vigwaza kule Tanzania wajue kwamba hapa kwa kawaida unajipeleka mwenyewe na unalipia. Pima mara tatu:
- karavani imefunguliwa kwenye gari, imesimama kwa magurudumu yake na kile kigurudumu cha mbele: isizidi ATM;
- karavani imefungwa kwenye gari, magurudumu ya karavani pekee yakiwa juu ya mizani: tofauti na namba ya kwanza ndiyo uzito wa kichwani;
- gari pekee, karavani ikiwa bado imefungwa: isizidi GVM.

Uzito wa kichwani ukishuka chini ya asilimia 8 hivi, karavani huanza kutikisa mkia. Na karavani zenye vitanda vya watoto nyuma ndizo zinazoponza watu, kwa sababu chini ya vile vitanda pana droo kubwa, halafu familia inajaza vitabu, makopo na maji ya chupa humo, juu yake inafunga baiskeli kwenye bampa la nyuma. Vizito vyote vikae sakafuni juu ya ekseli. Droo za nyuma weka nepi na mashuka.

Ikianza kuyumba, usikanyage breki ya gari na usipambane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani mbele, bonyeza kwa mkono swichi ya breki za karavani kwenye kontrola, kile kiboksi cha breki hizo kilicho karibu na dereva. Karavani inalivuta gari nyuma na kunyooka. Ndiyo maana swichi hiyo lazima ifikike bila kuitafuta kwa macho. Kuipima: barabara tupu ya tambarare, km 40 kwa saa, bonyeza yote. Unatakiwa uhisi inavuta kwa nguvu bila magurudumu yake kujifunga. Kwa GTM (uzito unaobebwa na magurudumu ya karavani ikiwa imefungwa kwenye gari) ya zaidi ya kilo 2,000 breki ziwe kwenye magurudumu yote, na kile kifaa kinachozikaza chenyewe karavani ikichomoka lazima kiwe kinafanya kazi. Betri yake ndogo huwa imekufa na hakuna anayejua.

Upepo wa matairi pima asubuhi yakiwa baridi. Baada ya saa moja barabarani pima tena. Kupanda kwa psi 4 ni kawaida. Ikipanda 8, ulianza na upepo mdogo au umezidisha mzigo, na tairi inajipika kwa kukunjwakunjwa. Nati kaza upya baada ya km 50 hadi 100 kila tairi inapofunguliwa. Kila kituo weka kiganja kwenye habu, pale katikati ya gurudumu: vuguvugu sawa, ikikuunguza ni beringi au breki inayokwaruza. Seti moja ya beringi na kopo la grisi havizidi kilo mbili, beba.

Nullarbor_Mtu

Kuhusu mwendo. Adelaide hadi Yulara, mji wa wageni ulio nje ya hifadhi ya Uluru, ni karibu km 1,600 za lami mwanzo mwisho. Kwa karavani mtakwenda 90, wastani halisi 75 hadi 80 ukihesabu vituo. Kwa mtoto wa miaka 2 panga saa mbili kwa saa mbili, jumla isizidi sana km 300 kwa siku wakati wa kwenda:

Adelaide – Port Augusta 310
Port Augusta – Glendambo 285
Glendambo – Coober Pedy 254 (laleni siku mbili)
Coober Pedy – Marla 235
Marla – Erldunda 255
Erldunda – Yulara 245

Hapo ni siku 7 pamoja na mapumziko ya Coober Pedy. Kaeni Yulara siku tatu kamili, rudini kwa siku nne za km 400. Siku 14 zimekwisha, na hakuna siku ya akiba hata moja. Alice Springs ni km 200 kaskazini ya Erldunda, yaani 400 za ziada kwenda na kurudi. Mwambie shemeji aiache, au mpunguze siku za Yulara, jambo ambalo nisingelifanya.

Mafuta si tatizo kama watu wanavyotisha. Kipande kirefu bila kituo ni hicho cha Glendambo hadi Coober Pedy. Ukikokota, hesabu lita 16 hadi 20 kwa km 100. Upepo ukiwa wa mbele hesabu 22 au zaidi. 254 kwa 22 ni lita 56. Tangi lako linatosha kabisa, ila jaza kila kituo hata kama limebaki nusu, kwa sababu kituo cha mbele kinaweza kuwa kimefungwa usiku au pampu imekatika umeme.

Ondokeni saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, muwe mmeegesha saa tisa na nusu alasiri. Machweo ya Julai huko ni kama saa kumi na mbili jioni, na saa moja kabla yake kangaruu huanza kutoka vichakani. Sehemu kubwa ya njia haina uzio, ng'ombe wanalala kwenye lami kupata joto. Bima nyingi za magari ya kukodi zinakataa kabisa ajali ya usiku huko. Mchana angalia tai kwenye mizoga: akishiba hapai haraka, punguza mwendo mapema.

Malori ya treni, yaani lori moja linalovuta matrela kadhaa, yanafika mita 53.5, zaidi ya mabasi manne ya Mwanza yakipangwa mstari. Yanakwenda 100, kwa hiyo ninyi ndio mtakaoovatekiwa. Shikilia mstari wako na mwendo uleule. Likishatoka nje kukupita, punguza kidogo tu. Usishuke kwenye bega la barabara kumpisha: gurudumu la kushoto la karavani linaingia kwenye kokoto, na mawe unayorusha yanavunja vioo vya watu. Redio ya UHF, ile ya mawasiliano ya gari kwa gari, iwe chaneli 40, ndiyo ya madereva wa malori. Mwambie dereva wa nyuma kwa Kiingereza kifupi kwamba umemwona.

Simu: nje ya miji na vituo vya mafuta mtandao hakuna kwa saa nzima au mbili. Kampuni ya simu ya Telstra ndiyo inayofika mbali zaidi. Kwa familia yenye watoto nunua au kodi kitufe cha dharura cha satelaiti, kile cha masafa ya 406 MHz.

Vituo vya watoto kukimbia: Woomera, km chache kutoka Pimba, ina roketi na ndege za zamani zimewekwa nje, bure. Ziwa la chumvi la Hart linaonekana kutoka barabarani kati ya Pimba na Glendambo, mnashuka na kutembea juu ya chumvi. Ila eneo hilo kubwa ni la majaribio ya jeshi, usichepuke barabara kuu. Coober Pedy mshikeni mtoto mkono muda wote nje ya mji: wachimbaji wa opali wameacha mashimo ya wima kila mahali tangu 1915, mengi hayana kifuniko. Na kabla ya Uluru mtaona mlima bapa upande wa kushoto, gari zima litapiga kelele kwamba ndiyo Uluru. Ni Mlima Conner.

BintiWaMkwajuni

Mama Nasra, ya watoto niachie mimi.

Baridi: Yulara na Alice Julai mchana ni kama nyuzi 20, usiku unaweza kushuka chini ya sifuri. Nafasi ya kambi yenye umeme inalipia gharama yake hapo, kwa sababu kiyoyozi cha karavani kinachotoa joto kinataka volti 240. Kulala bure kando ya barabara na mtoto wa miaka 2 mwezi huo kunafaa tu kama mna hita ya dizeli inayotoa moshi nje. Msiwashe jiko la gesi kupasha chumba moto, hata dakika kumi. Karavani ni ndogo, kaboni monoksidi haina harufu, na watoto wanalala juu nyuma ambako dirisha limefungwa. King'ora cha kugundua hewa hiyo ni kidogo, bandikeni. Mpira wa maji wa nje huganda alfajiri, kwa hiyo jazeni birika na chupa za mtoto usiku. Nafasi za Yulara Julai hujaa miezi kabla, shikeni sasa. Ndani ya hifadhi kulala hakuruhusiwi.

Mdogo alale kitanda cha chini chenye kizuizi. Mlango wa karavani ufungwe na lachi ya juu, hawa wa miaka 2 wanaufungua na ngazi ya nje ni ndefu. Kusafiri ndani ya karavani ikitembea ni marufuku. Viti vya gari viwe vya kiwango cha Australia chenye mkanda wa juu wa kufunga nyuma. Kiti mlichokuja nacho kutoka nyumbani au Ulaya hakikubaliki kisheria.

Hewa ni kavu mno. Pua hutoka damu, midomo hupasuka: vaselini ndani ya pua asubuhi na jioni. Bebeni paketi za chumvi za kuongeza maji mwilini, dawa ya homa ya watoto na kipimajoto, maana kati ya Port Augusta na Coober Pedy hakuna duka la dawa la kutegemea. Maji: kando ya matangi, beba galoni mbili za lita 20 za kunywa, moja kwenye gari na moja kwenye karavani, ili tangi likipasuka kwa jiwe msibaki mikono mitupu. Maji ya visima njiani yana chumvi. Yaonje kabla hujajaza tangi.

Kuzunguka Uluru yote ni km 10.6, wasahau. Njia ya Mala ni km 2 kwenda na kurudi, na ile ya kwenda bwawa la Mutitjulu ni km 1, zote tambarare. Kupanda mwamba kulifungwa Oktoba 2019, ni mahali patakatifu pa Waanangu, wenyeji wa asili wa huko, na baadhi ya sehemu hazipigwi picha, vibao vipo. Kambini msiache viatu wala chakula nje, dingo (mbwa mwitu wa Australia) huvibeba. Mtoto asiende chooni peke yake usiku.

Chakula: chapati zilizogandishwa zikiwa na karatasi katikati, maharage yaliyochemshwa na kugandishwa kwenye mifuko bapa. Siku tano za kwanza hamtumii gesi zaidi ya kupasha.

MamaNasra

Asanteni sana, Alice tumeifuta, baba yao kanuna kidogo. Mawili ya mwisho. Friji ya karavani tukiwa kwenye mwendo haigandishi, tukifika na kuichomeka umeme inapoa. Na matunda ya watoto, nimesikia yananyang'anywa?

FundiTrela

Kama ni friji ya njia tatu (gesi, volti 240 au volti 12), kwa volti 12 inanyonya ampea 10 hadi 15 mfululizo, na ule waya mwembamba wa plagi ya taa hauwezi. Volti zinaishia njiani. Pima kwenye friji injini ikiwaka: chini ya 12 ndio ugonjwa. Dawa ni kebo nene ya milimita za mraba 13 hivi kutoka betri ya gari, fyuzi karibu na betri, na plagi ya Anderson, ile ya kupitisha umeme mwingi, ya ampea 50. Kama alteneta ni ya kisasa inayoshusha volti yenyewe, ongeza chaja ya DC-DC, inayopandisha volti hizo, ya ampea 25 kwa ajili ya betri ya ndani. Na usiweke chapati za huyu bibie zikiwa vuguvugu. Igandishe friji kwa umeme wa nyumbani siku nzima kabla ya kuondoka.

Nullarbor_Mtu

Matunda: kwenda kaskazini hamna shida kubwa. Kurudi ndiyo shughuli, South Australia inazuia matunda na mboga mbichi kuingia kwa sababu ya nzi wa matunda. Malizeni Kulgera, kabla ya mpaka, kisha tupeni maganda kwenye pipa la karantini. Makopo na vilivyopikwa vinapita.