Mrejesho: saji protekta kwenye konsuma yuniti mpya, Kisumu

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kama nifunge saji protekta (kifaa cha kupunguza mruko wa ghafla wa stima) wakati fundi wa stima anabadilisha konsuma yuniti yetu ya zamani (boksi la swichi kuu ya nyumba), baada ya radi kutuunguzia televisheni na ruta.

Nilianza na ethi, yaani waya wa kupeleka stima ya hitilafu ardhini, kama mlivyonisihi. Waya ulikuwa umeoza kwenye klampu ya nondo iliyochimbiwa ardhini; niliugusa ukabaki mkononi. Bila ethi, protekta ingekuwa pambo tu! Tulichimbia nondo mpya, tukapima, ndipo tukafunga protekta ya Taipu 2 (aina ya kufungwa kwenye konsuma yuniti) karibu na swichi kuu. Fundi alikuwa amezungusha nyaya za protekta ndani ya boksi. Nikamwomba azifupishe, zisizidi nusu mita kwa jumla. Alikubali bila ubishi.

Mvua za radi zimepita kadhaa, kidirisha cha protekta bado ni cha kijani, yaani inafanya kazi.

Ila friji imekufa kompresa. Stima ilififia jioni nzima, na protekta haizuii hilo, inapunguza mruko wa ghafla tu. Aliyenishauri ninunue pia kifaa cha kukata stima ikishuka au ikipanda mno, nisamehe, nilipuuza. Sasa nimekiweka.