Naomba ushauri: filamu ya mpigapicha wa Goma, sura za watu nizifiche vipi?

Habari zenu wadau wa picha na filamu. Nipo Nairobi, nahariri filamu ya dakika 25 kuhusu rafiki yangu, mpigapicha wa habari aliyebaki Goma, mashariki mwa Kongo, tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari 2025. Uwanja wa ndege ulifungwa, kwa hiyo nimemrekodi zaidi kwa simu ya video. Picha inakatakata, lakini kuna kipande sikiachi ng'o: anafuta vumbi jeusi la mawe ya volkano kwenye lenzi kwa pindo la shati, huku akimwambia mama yake kwamba leo hatoki. Dakika mbili baadaye yuko barabarani.

Kinachonikwamisha ni picha alizopiga yeye. Nyingi zina wakimbizi wa kambini na vijana wa chukudu (zile skuta za mbao za kubebea mizigo), sura wazi. Yeye kakubali kuonekana. Hao hawakuulizwa, na kambi zilishavunjwa, nitawapata wapi? Nimejaribu kuwatia ukungu usoni, wakawa kama wahalifu. Nimekata picha zibaki mikono tu, zikapoa. Data za mahali kwenye mafaili nimeshazifuta.

Waliowahi kufanya kazi ya namna hii, mlificha sura vipi bila kuiua picha? Na ridhaa yake ya sauti kwenye WhatsApp inatosha, au nisubiri kwanza atoke Goma? Tamasha ninalolilenga linafunga kupokea filamu mwisho wa mwezi.